Mnaolea madaktari watarajiwa Marekani, ulizeni jimbo kabla ya kuuliza alama

BintiMwambani

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke kambi arudi baadaye.

Mimi ni muuguzi, naingia zamu za usiku hapa pembeni ya Houston. Tangu binti yangu wa kwanza apate chuo cha udaktari, kila harusi na kila msiba lazima mzazi mmoja anivute pembeni: "Dada, mwenzetu mlifanyaje?" Nimechoka kuhadithia mlangoni huku pilau linapoa. Leo naandika mara moja, mkiniuliza tena nawatumia linki.

Kwanza tuelewane neno. Wenyeji wa huku wana neno moja, residensi, wanalitumia kwa vitu viwili: ile miaka ya mafunzo hospitalini baada ya daktari kuhitimu, na makazi yako ya kisheria kwenye jimbo. Mume wangu aliposikia binti anasema "nashughulikia residensi" alipiga simu Tanga kuwaambia mtoto yuko mbioni kumaliza. Kumbe hata chuo hajapata. Humu nazungumzia hayo makazi, na nitayaita ukaazi wa jimbo.

Sisi tulikuja na akili ya nyumbani. Mtoto wa PCB akiwa na ufaulu wake anaomba, na Muhimbili hawamuulizi kwao Kagera au Mtwara. Tukadhani Marekani nako ni hivyo hivyo, nchi moja, mwenye alama anapita. Huku vyuo vya umma ni vya majimbo. Bunge la jimbo ndilo linalotoa hela, na mbunge akirudi kwa wapiga kura wake anaulizwa mbona watoto wetu hawaingii. Kwa hiyo wanafunga mlango, kila jimbo kwa komeo lake. Hapa Texas imo kwenye sheria kabisa: vyuo vya udaktari vya jimbo haviruhusiwi kuchukua zaidi ya asilimia 10 kutoka nje. Mississippi, chuo chao cha jimbo kule Jackson ni cha Wamississippi. Kile cha East Carolina kinachukua wakaazi wa North Carolina tu. Na msidhani ni vya umma peke yake, maana Mercer ya Georgia ni ya binafsi na bado wanafunzi wake wa udaktari ni wakaazi wa Georgia. Halafu unakuta Vermont, jimbo dogo, chuo chake cha umma kimejaa watu wa kuja. Ukikisoma kwa jina tu huwezi kujua kipi ni kipi.

Sasa yaliyotukuta.

Tulihama Maryland kuja Texas binti akiwa anaingia gredi ya 11. Akamaliza sekondari hapa, akapata udhamini mzuri wa chuo Pennsylvania, akaenda. Miaka minne. Alipohitimu akabaki huko huko mwaka mmoja akifanya kazi kliniki, ile ya kukaa pembeni na kompyuta unaandika wakati daktari anaongea na mgonjwa. Leseni yake ya udereva ya Texas ikaisha muda, akachukua ya Pennsylvania kwa sababu ofisi ilikuwa mtaa wa pili. Mwaka huo huo mtu wetu wa kodi akatuambia, huyu sasa ana kazi yake, mwacheni ajijazie. Tukamwondoa kwenye ritani yetu ya kodi, ile fomu ya kila mwaka unayotaja mapato na wanaokutegemea. Hakuna aliyefikiri mara mbili.

MCAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, alipata 513. Wastani wa wanaoingia vyuo vya udaktari ulikuwa 511 na kitu, basi sisi tukaanza kuulizia vitambaa vya sherehe. Mshauri wa chuo chake (simtaji, na chuo sikitaji) akamwambia, omba vingi, tawanya. Akatawanya: vyuo 21. Baadaye tulipokaa kuhesabu, 11 kati ya hivyo vilikuwa vya umma vya majimbo ambako hatuna hata shangazi. Kila kimoja unalipia, kisha kinakutumia fomu ya pili, nayo inataka dola mia hivi na insha mbili tatu. Vipo vyuo vinavyomtumia fomu ya pili kila aliyeomba, bila kumchuja. Wewe unalipa, unadhani umependwa.

Texas ina mfumo wake wa maombi, TMDSAS, wakati karibu nchi nzima inatumia AMCAS. Kule TMDSAS unalipa mara moja tu hata ukiomba vyuo vyote, nikafurahi. Binti akajaza kwamba ni mkaazi. Majibu ya mfumo: si mkaazi.

Nilipiga kelele jikoni. Nyumba yetu iko hapa, kodi ya nyumba tunalipa hapa, mimi mwenyewe nawachoma sindano Watexas usiku kucha! Lakini tulipotulia tukasoma kanuni yao mstari kwa mstari, walikuwa sahihi. Unaweza kuwa mkaazi kwa kumaliza sekondari Texas ukiwa umeishi hapa miezi 36 kabla ya kumaliza. Yeye alikuwa na 22. Unaweza kuwa mkaazi kupitia wazazi kama wewe ni tegemezi wao, na utegemezi wanautazama kwenye ritani ya kodi. Tulishamwondoa kwa mkono wetu. Au uwe mwenyewe umeishi hapa miezi 12 mfululizo na umejijenga, una kazi, una nyumba, una kitu cha kukushika hapa zaidi ya masomo. Yeye yuko Pennsylvania, leseni yao mfukoni.

Pennsylvania nako hawakumjua, maana kwenye AMCAS alijaza kwamba jimbo lake ni Texas. Nchi ina majimbo 50 na mwanangu hana hata moja.

Mwaka ule alipata usaili mmoja, akawekwa kwenye orodha ya kusubiri, kiangazi kikapita kimya.

Lakini hatukungoja kiangazi hicho. Alipokataliwa ukaazi tu, alirudi nyumbani mwezi uleule. Nakumbuka jioni ile, meza ya chakula imefunikwa na makaratasi: barua ya kazi mpya, hati za mshahara, bima ya gari, usajili wa gari, taarifa ya benki yenye anwani yetu, na mkataba wa pango. Ndiyo, tulimwandikia mkataba wa chumba chake mwenyewe alicholala tangu sekondari, na akalipa kweli, kila tarehe moja, kwa benki, ionekane. Mume wangu anacheka kila akiona ile dola 300 inaingia, anasema mpangaji wetu huyu hata sahani haoshi. Tukaipanga yote kwenye bahasha moja ya kaki, nikaandika juu kwa kalamu nene: JIMBO.

Neno moja hapa nalikazia kuliko yote. Ukienda kubadilisha leseni ya udereva watakuuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Binti yangu ni raia, alijiandikisha, na hiyo nayo ni ushahidi wa ukaazi. Wewe mwenye grini kadi usithubutu. Sema hapana. Asiye raia akijiandikisha kupiga kura anaweza kufukuzwa nchini, usije ukatafuta chuo ukapata ndege ya kurudi.

Hakuomba Mei iliyofuata kama wenzie. Tulisubiri miezi 12 itimie, akatuma Julai. MCAT ni ile ile. Insha alibadilisha aya mbili. Akaitwa usaili vyuo sita vya Texas, na katikati ya Oktoba, siku vyuo vya hapa vinaporuhusiwa kuanza kutoa ofa kwa wakaazi, simu yake ikalia niko naye kwenye foleni ya supamaketi, H-E-B. Ada ni dola elfu ishirini na kidogo kwa mwaka. Vingi kati ya vile vyuo 11 vya umma tulivyotawanyia hela mara ya kwanza, kwa mtu wa nje, ni sitini, sabini na kwenda juu.

Sasa hivi yuko mwaka wa pili. Naomba kuwasilisha.

Kisu Kikali

Mama uzi mzuri ila mimi nimekwama hapo mwanzo. Nchi inayotufundisha demokrasia inawachuja raia wake kwa mkoa? Huku mtu akisema ajira za wilayani wapewe wazawa, anaambiwa mkabila. Wao wameandika kwenye sheria na nyinyi mnawapangia bahasha.

BintiMwambani

Kisu Kikali, nami nilianza na hasira hizo hizo. Ila hawaangalii umezaliwa wapi, wanaangalia unaishi wapi na kodi yako inaenda wapi. Mnyamwezi aliyefika juzi akikaa miezi 12 na kazi yake anahesabiwa sawa na mtu ambaye babu yake alizaliwa Galveston. Na hoja yao nyingine inashika: zaidi ya nusu ya madaktari hubaki kufanya kazi kwenye jimbo walikomalizia yale mafunzo ya hospitali. Jimbo linalotaka madaktari vijijini linaanza na watoto wa huko. Kaa siku moja kwenye kaunti ambako mjamzito anaendeshwa saa mbili kumfuata daktari, hasira itapoa kidogo. Sijasema iishe.

Sheha Mstaafu

Miezi 36! Sisi watu wa Unguja mbona tunaijua hiyo. Enzi za uandikishaji wa wapiga kura ilikuwa hiyo hiyo, uthibitishe umekaa jimboni miezi 36 mfululizo, na bila sheha kukutambua hupiti. Watu wamegombana na mashemeji zao kwa ajili hiyo. Na Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi je? Kumbe Texas ni Mjini Magharibi yenye ng'ombe wengi.

Sheha wao ni nani, mama?

BintiMwambani

😂 Sheha wao ni ritani ya kodi.

Jamaa wa Tacoma

Sasa wadau. Mimi ni Mkenya, niko huku jimbo la Washington, na nimesoma hii uzi yote nikiwa kwa basi. Huku kwetu iko tofauti kidogo, wacha niongeze.

Chuo cha udaktari cha University of Washington hapa Seattle kinabeba majimbo matano. Wanaita WWAMI, ni herufi za kwanza za Washington, Wyoming, Alaska, Montana na Idaho. Ilianza 1971 kwa sababu yale mengine hayakuwa na chuo cha udaktari, Wyoming ikaingia 1996. Kila jimbo linanunua viti vyake. Kwa hivyo mtoto wa Anchorage anashindania viti vya Alaska na watu wa Alaska, mimi nashindania vya Washington, na tukipita tunakutana kwa chuo kimoja. Mtoto wa Texas mwenye alama kuliko sisi wote wawili huenda asiitwe hata usaili.

Lakini hakuna cha bure. Wyoming ikikulipia, inataka urudi ufanye kazi kwao miaka mitatu, ukikataa unarudisha pesa. Kuna rafiki yangu alikataa kuomba kwa hiyo sababu, ati hawezi ishi mahali paa wako wengi kuliko watu. Leo bado anaomba, raundi ya tatu.

Mtu wa Wilmington

Nyongeza fupi kutoka Delaware. Jimbo letu halina chuo cha udaktari hata kimoja. Lakini tangu 1969 kuna mpango unaitwa DIMER, jimbo limekubaliana na vyuo viwili vya Philadelphia, Jefferson na kile cha osteopathia (njia ya pili ya kuwa daktari huku) cha PCOM, vituwekee nafasi. Nimeishi hapa miaka tisa na hakuna Mswahili hata mmoja aliyewahi kunitajia, nimeuona mwenyewe kwenye kipeperushi maktaba. Mlioko majimbo madogo msikate tamaa mapema, ulizeni kama jimbo lina mkataba na jirani. Maine nao wana nafasi zao kupitia Tufts ya Boston.

Dkt Mtarajiwa

Mama shikamoo. Mimi niko Minnesota kwa viza ya mwanafunzi, F-1, namaliza baiolojia mwakani. GPA 3.9. Kwa hiyo nikikaa hapa miaka minne siwi mkaazi wa Minnesota?

BintiMwambani

Marahaba mwanangu. Nitakuambia ukweli hata kama utauma. Viza ya F-1 inasema umekuja kusoma na utarudi, kwa hiyo hata ukikaa miaka kumi hiyo miaka haikujengei ukaazi wa jimbo. Vyuo vingi vya umma havipokei kabisa maombi ya mwenye viza hiyo, usivitupie hela. Vya binafsi vipo vinavyopokea, vichache, na baadhi yake wanataka uonyeshe hela ya miaka yote minne au uiweke kwenye akaunti maalumu kabla hujaanza. Muungano wa vyuo vya udaktari, AAMC, una orodha yake ya kulipia inaitwa MSAR, inaonyesha kila chuo kinachukua wangapi wa ndani ya jimbo, wangapi wa nje, wangapi wa kimataifa. Lipia hiyo kabla ya kulipia kingine chochote. Laiti mimi ningeijua mapema, zile insha za vyuo 11 zisingeandikwa.

Wazazi wenye viza ya kazi ya H-1B, watoto wenu wenye viza ya tegemezi, H-4, ni habari nyingine, Texas inawaruhusu kujijenga kama wakaazi. Someni kanuni ya jimbo lenu.

Mwana wa Uvira

Jambo bandugu wote. Miye niko Louisville, Kentucky. Tulifika 2014 kutoka kambi ya Nyarugusu, ndiyo maana Kiswahili changu ni nusu Uvira nusu Kigoma, mnivumilie.

Niliingia kama mkimbizi, sasa nina grini kadi. Nimemaliza chuo hapa hapa, natumika kwa hospitali kama msaidizi, MCAT nimefanya. Nataka kuomba Mei. Shida ni hii. Baba amepata habari za kiwanda cha nyama Iowa, kinalipa karibu dola sita zaidi kwa saa, na ndugu zetu wengi wamekwisha hamia kule. Anasema familia haiachani, tunahama wote Februari. Mama yangu huyu wa uzi, ni kama umeandika kwa ajili yangu. Nifanye nini?

BintiMwambani

Mwana wa Uvira, nimesoma yako mara tatu.

Kwanza hiyo grini kadi, pamoja na ulivyoingia, inakupa haki ya kuhesabiwa mkaazi wa jimbo na ya mikopo ya serikali kuu kama raia. Hilo ondoa wasiwasi.

Kentucky una vyuo viwili vya umma vya udaktari, cha hapo hapo Louisville na kile cha Lexington, vyote vinawapendelea wa kwao. Wewe una miaka zaidi ya kumi hapo. Sekondari ya hapo, chuo cha hapo, kazi ya hapo. Hiyo ni mali. Ukihama Februari ukaomba Mei, Kentucky watasema umeondoka, Iowa watasema ndio kwanza umefika. Utakuwa kama binti yangu.

Baba aende na baraka zote. Wewe baki, panga chumba na wenzako, na mkataba uwe na jina lako. Lakini kabla hajaenda, angalieni jambo moja: kwenye ritani ya kodi baba anakuhesabu tegemezi? Kama ndiyo, na yeye yuko Iowa, kuna majimbo yanasema mtoto anafuata ukaazi wa mzazi. Piga simu ofisi ya usajili ya chuo, waulize, na uombe wakujibu kwa barua pepe. Ya simu hayashikiki.

Mwambie baba umeongea na mama wa Kitanga. Akikasirika mpe namba yangu.

Mjanja wa Mbezi

Mnajitesa bure. Mjomba yuko Dallas, weka anwani ya mjomba, bili ya umeme ya mjomba, mchezo umeisha. Nani atakuja kugonga mlango?

Mbeba Boksi Mstaafu

Mjanja, nimebeba boksi huku miaka 20, hiyo michezo nimeiona inavyoishia. Anwani peke yake haimwambii mtu kitu. Wanataka kodi, mshahara, leseni, tarehe zote zikubaliane. Ulikuwa unalipwa Atlanta huku unaishi Dallas? Ulikuwa unalala kwenye ndege? Na hawa watu wa AMCAS wakikuhisi wanafungua uchunguzi, ripoti yake inakwenda kwa vyuo vyote ulivyoomba, siyo kile kimoja ulichodanganya. Kijana anataka kuaminiwa na dawa za watu za maumivu, anaanza na bili ya umeme ya kughushi!

Mjanja wa Mbezi

Nilikuwa natania jamani.

Shangazi wa Columbus

Haya, mie ni mtu wa hesabu, ngoja nilete ya fedha maana naona mmeigusa juu juu.

Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefuta ule mkopo wa serikali kuu wa wanafunzi wa uzamili na udaktari, Grad PLUS, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Zamani mkopo ule ulifunika gharama yote, hata chuo kikitaka laki kwa mwaka. Sasa ukomo kwa anayesomea udaktari ni dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa jumla. Fanyeni hesabu wenyewe. Ada ya elfu ishirini na tano ya mkaazi, ongeza kodi ya chumba, chakula na bima, unaingia ndani ya 50,000 kwa kujibana. Ada ya elfu sabini ya mtu wa nje, hujala bado, ushapungukiwa 20,000 kila mwaka, na hiyo utaitafuta benki binafsi, riba wanayoijua wao, na mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Wangapi humu tuna mjomba wa kusaini hiyo?

Kwa hiyo zamani ukaazi ulikuwa unaamua kama utaitwa usaili. Sasa unaamua hata kama utaweza kukubali ofa ukiipata.

Lakini kuna vichochoro. Hapa Ohio mwanafunzi wa udaktari aliyetoka nje anaweza, akifuata masharti, kuhesabiwa mkaazi baada ya mwaka wa kwanza, ada ikashuka. Majimbo mengi hayaruhusu hivyo, yanasema umekuja kwa masomo na utabaki mgeni mpaka uhitimu. Texas wao wana mlango mdogo: chuo kikikupa udhamini wa ushindani wa angalau dola 1,000, kinaweza kukutoza ada ya mkaazi. Elfu moja inakuokolea maelfu. Na vya binafsi vyenye wafadhili wakubwa havikuulizi jimbo kabisa: NYU waliacha kutoza ada 2018, Albert Einstein ya Bronx 2024 baada ya bibi mmoja, Dkt. Ruth Gottesman, kuwapa dola bilioni moja. Tatizo huko ni kwamba dunia nzima imeomba.

Jamaa wa Tacoma

Shangazi hapo kwa bilioni moja umeniua. Na DO je, ile digrii ya osteopathia? Mnasahau DO.

Shangazi wa Columbus

Kweli. Vyuo vya osteopathia vingi ni vya binafsi na havijali sana unatoka jimbo gani, wahitimu wake ni madaktari kamili hapa Marekani, wanaandika dawa, wanapasua. Maombi yake yanapita AACOMAS. Mtoto wa California, kwa mfano, ambako waombaji ni maelfu na viti vya jimbo ni vichache, wengi huishia nje ya jimbo au huko kwenye DO. Lakini ada yake ni ya binafsi, kwa hiyo rudi kwenye ile hesabu yangu ya 50,000.

Mwana wa Uvira

Mrejesho. Nimeongea na baba jana usiku, niliweka simu yangu mezani nikamsomea maneno ya mama wa Kitanga moja moja. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kiswahili cha Tanga kama ndicho hicho. Amekubali nibaki mpaka Agosti, tuone. Chuo wamejibu kwa barua pepe: nikijitegemea kwa kodi na kubaki hapa, bado ni mkaazi wao. Nimepata chumba na jamaa wawili wa Bukavu. Mkataba una jina langu.

BintiMwambani

Piga picha huo mkataba sasa hivi, ujitumie kwa barua pepe, halafu ndiyo ufurahi.

Kisu Kikali

Mama, bado sijakubaliana na mfumo, lakini uzi nimeuhifadhi, nina mpwa Maryland. Swali la mwisho: una mwingine nyuma ya huyu?

BintiMwambani

Ninaye, wa kiume, yuko gredi ya 12, naye anasema udaktari. Anataka chuo cha California kwa sababu ya bahari, kama vile hapa Galveston kuna jangwa. Nimemwambia aende tu. Kwenye ritani yetu ya kodi anabaki, mtu wa kodi aseme asemavyo. Leseni yake inaisha akiwa mwaka wa pili, nimeshaandika tarehe kwenye kalenda ya jokofu, atarudi Krismasi kuibadilisha hapa hapa. Bahasha yake nimenunua jana, ya kaki, bado tupu.

Nakimbia, zamu inaingia saa moja na barabarani kuna foleni. Wenye maswali yaacheni hapa, nitajibu asubuhi kabla sijalala.